Boya Kwenye Droo ya Jikoni

Kisa hiki ni cha kweli, na nakisimulia kwa sababu kingeweza kutokea nyumbani kwangu au kwako. Majina nimeyaacha. Wenyewe ni majirani zetu huku Kigamboni. Mama mwenye nyumba mtaa mzima tunamwita Shangazi, basi na hapa tumwite hivyo hivyo.

Shangazi alitumiwa mashine ya kudeki na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Ni ile ya kusimama wima, yenye matangi mawili. Moja linabeba maji safi na sabuni, lingine linapokea maji machafu. Ukiisukuma inanyunyiza maji kidogo sakafuni, roli ya brashi inasugua marumaru, na mdomo wake unafyonza uchafu pamoja na maji kurudi ndani. Sebule inakauka nyuma yako. Kwa mtu mwenye magoti yanayouma, aliyepiga deki kwa kuinama miaka yote, ile ilikuwa neema.

Niseme jambo moja mapema. Watu wengi waliposikia yaliyotokea walirukia kusema, "Si vitu vya nje hivyo, umeme wake haulingani na wetu." Si kweli. Oman wanatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu kama tuliyoizoea, na sisi ni volti 230. Tofauti hiyo mashine haiijali. Ingetoka Marekani, kwenye volti 120, ingeungua siku ile ile ilipochomekwa. Hii ilifanya kazi vizuri kwa miezi mingi. Mashine ilikuwa nzima, ikaharibiwa na matengenezo.

Mambo yalianzia kwenye sabuni. Chupa iliyokuja na mashine iliisha, na dukani hakuna aliyekuwa na nyingine ya aina ile. Shangazi akanunua sabuni ya maji ya mtaani, ile inayotengenezwa majumbani na kuuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Sina ugomvi na sabuni hiyo. Inasomesha watoto wengi mjini hapa, na kwa vyombo na nguo inafanya kazi yake. Ila anayeitengeneza anajua mteja wake anaipima kwa povu. Sabuni isiyojaa povu mkononi hainunuliki mara ya pili, hata kama inatakatisha. Kwa hiyo kwenye asidi ya salfoniki na slesi anaongeza kitu cha kulifanya povu liwe jingi na likae. Sabuni ya mashine ya kudeki inatengenezwa kwa nia iliyo kinyume kabisa, yaani isafishe bila kutoa povu.

Kwa nini povu ni tatizo? Kwenye tangi la maji machafu kuna boya dogo la plastiki, ndugu na lile la kwenye tangi la choo. Maji yakijaa, boya linapanda na kuziba tundu ambalo mota inavutia hewa. Ufyonzaji unakoma, nawe unajua ni wakati wa kumwaga maji. Tundu hilo likibaki wazi tangi likiwa limejaa, maji yanafuata njia ya hewa mpaka kwenye mota. Sasa boya limetengenezwa kuelea juu ya maji. Povu kwa sehemu kubwa ni hewa iliyovikwa ngozi nyembamba ya maji, na mbele yake boya halitabiriki. Mara linanyanyuliwa tangi likiwa bado nusu, mara povu linapenya pembeni mwake kama vile halipo.

Nyumbani kwa Shangazi boya lilianza kunyanyuliwa. Binti anayemsaidia kazi alikuwa akisukuma mashine, na katikati ya sebule mlio unapanda ghafla, unakuwa mwembamba na mkali, halafu maji yanabaki sakafuni. Akizima na kusubiri, povu linatulia, boya linashuka na mashine inarudi kufyonza. Dakika chache baadaye inarudia yale yale.

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeelewa mlio ule. Wengi tunafikiri mota ikipiga kelele kali ndiyo inafanya kazi kubwa. Kwenye mashine ya kufyonza ni kinyume. Feni ikikosa hewa ya kusukuma inabaki bila mzigo, hivyo inazidi kasi, na mlio unapanda. Mlio mkali pamoja na sakafu iliyobaki na maji una maana moja tu, kwamba mahali fulani njia ya hewa imeziba. Inabaki kutafuta ni wapi, na kwanza kabisa kufungua kifuniko cha tangi na kutazama. Wangetazama wangeona povu jeupe limefika juu, na chini yake maji kidogo tu.

Aliyetazama ni mkwe wa Shangazi, kijana mwerevu na mwenye mikono mizuri. Siku hiyo mashine ilikuwa imekaa, povu limekwisha. Akawasha, akainamisha tangi, akaona boya likipanda na kuziba. Akahitimisha kwamba boya ndilo bovu, linaziba bila sababu. Akalichomoa, likaingia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokwisha na funguo ambazo hakuna anayekumbuka ni za kufuli gani.

Mashine ikafanya kazi kuliko zamani! Haikusita tena. Kijana akapongezwa, na kwa haki. Mimi ningekuwepo ningempongeza pia, kwa sababu sote tunapima matengenezo kwa swali moja, je, sasa inafanya kazi? Kama kilichonyamazishwa kilikuwa na sababu ya kulalamika, hatuulizi.

Dalili zilizofuata nilisimuliwa baadaye, moja moja, na kila mmoja nyumbani alikuwa ameona yake. Binti aliona matone ya maji yakirushwa kutoka kwenye matundu ya nyuma, pale hewa ya mashine inapotokea. Akawa anayafuta ukutani. Mjukuu aliona povu hapo hapo na akalipenda. Shangazi mwenyewe alisikia harufu, kwanza ya maji yaliyochacha, baadaye ya kitu kinachoungua kwa mbali, akadhani ni jirani anachoma takataka. Mkwe alisikia mlio wa kukoroma mashine inapozimwa. Hakuna aliyekuwa na picha nzima. Ndugu msomaji, nyumbani kwako anayeijua mashine ni yule anayeisukuma kila siku. Aliyeinunua huenda haijui kabisa. Binti angeulizwa "umeona nini?" badala ya "umeifanya nini?", nadhani kisa kingeishia hapo. Swali la pili linamfanya mtu anyamaze, hasa mtu ambaye kazi yake iko mikononi mwako.

Mota ya mashine hizi inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Umeme unaingia kwenye sehemu inayozunguka kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba. Maji ya sabuni yakifika pale, kaboni inatoa cheche na kulika upesi, grisi ya beringi inaoshwa, na vumbi lililolowa linaganda kwenye koili. Na maji ya kwetu Kigamboni, wenyeji mnayajua. Visima vingi vina chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji matamu, na yakikauka yanaacha ukoko unaovuta unyevu tena siku ya pili. Kila siku ya kudeki iliongeza tabaka.

Mota ikaanza kupata joto, na mashine ikawa inajizima yenyewe. Inakaa kama nusu saa, ikipoa inawaka. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipoitwa.

Ndani ya mashine nyingi za aina hii kuna swichi ndogo ya joto iliyobanwa karibu na mota. Ina bati jembamba la metali mbili zilizounganishwa, linalojipinda likipata joto na kukata umeme, kisha linajinyoosha likipoa. Baadhi ya mashine zina fyuzi ya joto, ambayo ikishakata hairudi tena, sharti ibadilishwe. Fundi alipima, akaona swichi ndiyo inayokata, akaiunganisha waya moja kwa moja. Kazi ya robo saa na bei ndogo. Mashine ikaacha kujizima.

Sipendi kumlaani fundi huyo. Alikaa chini ya mwembe na tesa yake, mbele yake mteja aliyesema, "Nataka iwake tu, mwanangu, usinipe gharama." Kipuri hakipo mjini. Akisema mota inahitaji kufunguliwa na kukaushwa, mteja atakwenda kwa mwingine. Sisi wateja tunawafundisha mafundi njia za mkato, kwa sababu anayewasha kwa haraka ndiye tunayemlipa na kumsifia kwa majirani. Hata hivyo ukweli unabaki pale pale. Swichi ya joto haikuwa ugonjwa. Ilikuwa inasema mota inaungua, na ilikuwa inasema kweli.

Sasa walinzi wawili walikuwa wameondolewa. Wa tatu hakuwemo kwenye mashine, alikuwa ukutani.

Nyumba ya Shangazi ilisukwa umeme vizuri. Kwenye boksi la breka, mbali na breka ndogo za kila chumba, kipo kile kifaa chenye kitufe cha majaribio kilichoandikwa T. Wengi hawajui kinatofautiana vipi na breka za kawaida. Breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue. Ile ya ampia 16 inaweza kupitisha zaidi ya wati 3,600 kwa utulivu, na mwili wa mtu unaopigwa na umeme unavuta sehemu ndogo sana tu ya hizo. Breka hiyo haitajua kuwa unakufa. Kifaa chenye kitufe kinapima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua wa kurudi, maana yake mwingine unapotelea njiani, labda kupitia maji, labda kupitia mtu. Vya majumbani kwa kawaida vinakata umeme uliovuja ukifika miliampia 30, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kiwango hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwenye miliampia kumi hivi misuli ya mkono inaweza kukaza, ukashindwa kuachia ulichoshika, na umeme zaidi ya hapo ukipita kifuani kwa muda moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Mashine ikawa kila ikiwashwa, nyumba nzima inazima. Friji, feni, televisheni, vyote. Hii ilikuwa dalili ya mwisho, na wala haikuwa ya kunong'ona. Nyumba nzima ilikuwa inapiga kelele kwamba umeme unavuja. Lakini sikiliza ilivyosikika kwa wenye nyumba: "Breka ya humu ni mbovu, inakata ovyo." Walishawahi kuona ikikata wakati wa mvua, basi imani ikathibitika.

Mbele ya nyumba kuna kiduka cha familia. Kina mita yake, na nyaya zake ni za zamani, hazina kifaa kile. Mtu mmoja, na leo hakuna anayekubali ni nani, akasema, "Chomekeni kule dukani, kule haikati."

Wakavuta ekstensheni kupitia dirishani, ikalala juu ya marumaru yaliyolowa.

Binti alikuwa pekupeku, kama tunavyokuwa wengi wetu tunapodeki. Tangi la maji machafu lilijaa, naye akainama kulitoa mashine ikiwa bado inanguruma, kwa kuwa hakukuwa tena na boya la kumwambia azime. Mkono mmoja ulikuwa kwenye tangi linalochuruzika, mwingine ukagusa bati la chini ya brashi. Mkono ukakaza na hakuweza kupiga kelele. Kijana wa dukani aliona kupitia dirishani amejikunja na kutetemeka. Kijana yule alifanya jambo ambalo sina hakika kama mimi ningelikumbuka kwa wakati ule: hakumkimbilia, aligeuka akachomoa plagi ya ekstensheni ukutani. Angemshika wangekuwa wawili.

Binti yuko hai. Aliungua kiganja, hospitali walimpima moyo na kumlaza usiku mmoja chini ya uangalizi. Usiseme, "Basi afadhali." Kati ya yeye na mauti palikuwa na kijana aliyetokea kutazama dirishani.

Fundi wa pili, aliyeifungua mashine baada ya hapo, alituonyesha mambo yote hadharani, uani. Ndani ya kasha la mota kulikuwa na tope la kijivu lenye harufu ya sabuni. Kaboni moja ilikuwa imekwisha kabisa. Waya wa kuunganisha swichi ya joto ulikuwa bado unang'aa. Akatuonyesha nembo nyuma ya mashine, mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, alama ya kifaa chenye kinga mbili. Vifaa vya namna hiyo havina waya wa ardhini, na kwa kawaida si kosa, kwani plastiki na nafasi kavu vinatenganisha umeme na mikono yako. Lakini kinga hiyo ni ya kitu kikavu ndani. Boya lilipoondoka, ukavu uliondoka nalo.

Nimeuliza, na nimejifunza, ni nini kilitakiwa kufanywa siku ile ya kwanza. Jibu linatia uchungu kwa urahisi wake. Chomoa plagi. Mwaga tangi la maji machafu na ulisuuze. Tazama kama boya linapanda na kushuka bila kukwama, maana nywele moja na tope kidogo vinatosha kulishika. Toa kichujio, kioshe, kikauke kweli kweli kabla ya kurudi. Kagua mpira wa kifuniko kama umekaa kwenye mfereji wake. Geuza mashine, kata nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye roli ya brashi, chungulia mdomo wa kufyonza na njia ya maji mpaka kwenye tangi. Yote hayo hayahitaji bisibisi. Matatizo mengi ya "haifyonzi" yanaishia hapo, na hili la Shangazi lingeishia kwa kubadilisha sabuni tu. Kama sabuni ya mashine haipatikani, maji matupu ya uvuguvugu ni salama kuliko sabuni ya povu. Marumaru yatatakata kidogo chini ya ulivyozoea, na hakuna atakayeumia.

Tatizo likiwa maji safi hayatoki, hasa kwetu sisi wa visima, tundu za kunyunyizia huwa zimezibwa na ukoko wa chumvi na chokaa. Siki iliyozimuliwa, ikikaa humo kwa muda na kusuuzwa, inaulainisha. Harufu ya mpira unaoungua mara nyingi ni mkanda unaosuguana na roli iliyokwama. Zima hapo hapo, usiseme unamalizia chumba kimoja. Lakini ukiona matone kwenye matundu ya hewa, ukisikia mota ikikoroma, ukihisi mwasho hata mdogo mkononi, au umeme wa nyumba ukikatika unapoiwasha, hapo usafi wa nyumbani haufai tena. Mashine ikae bila kuchomekwa mpaka mtu mwenye ujuzi aifungue. Na kitufe kile cha T nyumbani kwako kibonyeze mara moja moja. Kikikata umeme, kiko hai. Kisipokata, ita fundi umeme kwa ajili yake kabla ya kuita fundi wa mashine.

Shangazi amerudi kwenye dekio na ndoo, na mwanawe wa Muscat ameshaahidi nyingine. Watu wanamshauri akatae. Mimi nasema apokee. Mashine zile ni nzuri, na magoti yake bado yanauma. Ila amejiwekea utaratibu na mafundi ambao nimeuiga nyumbani kwangu. Kabla ya kulipa anauliza, "Umetoa nini, na umeunganisha nini moja kwa moja?" Kila kipande kilichotolewa anakitaka mkononi, na fundi amwonyeshe kilikuwa kinakaa wapi na kilikuwa kinazuia nini. Fundi mmoja alichukia akaondoka na bisibisi zake. Wa pili alicheka kidogo, akafungua tena kifuniko alichokwisha kukifunga, akatoa mfukoni skrubu mbili na kipande cha mpira.